Kondensa mbele ya amplifaya: kurekodi gitaa bila sauti kupasuka

Umejiandaa kurekodi wimbo wa benga nyumbani, Litein au Sotik. Gitaa unalo, amplifaya unayo, na umeazima maikrofoni ya kondensa, ile ambayo studio nyingi huwawekea waimbaji. Kisha mtu anakuonya: usiiweke mbele ya amplifaya, itaungua. Je, ni kweli?

Mara nyingi si kweli. Ndani ya kondensa mna utando mwembamba sana unaotikiswa na sauti, pamoja na saketi ndogo ya kukuza mtikisiko huo. Saketi hiyo ndiyo inayodai umeme wa volti 48. Utauwasha kwa kitufe cha 48V kwenye kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, ambacho mafundi hukiita intafesi. Sauti ikizidi, saketi hulemewa na rekodi hukwaruza. Ukipunguza sauti, maikrofoni hurudia hali yake.

Basi itastahimili kiasi gani? Tazama karatasi iliyokuja nayo, utafute kiwango cha juu cha sauti kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti. AT2020 ya Audio-Technica hufika desibeli 144. Neumann U87 Ai, yenye bei kubwa mara nyingi zaidi, huishia 117, au 127 ukibonyeza swichi yake ya kupunguza nguvu. Amplifaya iliyofunguliwa sana yaweza kufika 110 hadi 120 karibu na spika. Kwa kazi hii, bei kubwa si kinga.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye intafesi. Kirungu cha kuongeza nguvu kimeachwa pale kilipokuwa wakati wa kurekodi mwimbaji, na gitaa linaingia kwa kishindo. Angalia mchoro wa sauti kwenye kompyuta. Ukiona vilele vimekatwa, viko tambarare kama shamba la chai lililotoka kupogolewa, sauti imepasuka, na kuipunguza baadaye hakutairudisha. Rudisha kirungu chini kabisa, mpiga gitaa apige kwa nguvu ile ile atakayoitumia kwenye wimbo, kisha pandisha polepole hadi vilele vifike karibu na desibeli -12 kwenye kipimo cha kompyuta. Bado inakwaruza? Bonyeza swichi ya kupunguza nguvu (-10) kama maikrofoni yako inayo. Kama haina, isogeze nyuma.

Umbali haugharimu kitu. Anza sentimita 30 kutoka kwenye spika, uilenge kati ya kitovu na ukingo wake, kwa sababu kitovuni sauti huwa kali. Ukienda 60, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, ingawa chumbani hupungua chini ya hapo kwa kuwa kuta huirudisha. Ikivuma mno, tundika blanketi nyuma ya maikrofoni. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliporekodi nyimbo za Kipsigis mwaka 1950, ukiwemo ule wa Chemirocha uliotokana na jina la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, alizoea kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kuelekea sauti aliyoitaka. Nawe isogeze, sikiliza, isogeze tena.

Sasa hali ya hewa yetu. Kericho hunyesha mara nyingi alasiri, na mvua juu ya mabati itaingia kwenye rekodi yoyote ya kondensa, kwa hiyo rekodi asubuhi. Unyevu ni adui mkubwa kuliko amplifaya: utando ukiloa, utasikia mlio kama mahindi yakikaangwa. Hifadhi maikrofoni kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Imetoka kwenye baridi? Iache chumbani nusu saa kabla ya kuwasha 48V.

Masikio yako hayana swichi ya kupunguza. Kwenye desibeli 100, dakika 15 zatosha kwa siku nzima. Vaa vizibo vya masikio, au kaa chumba kingine na waya mrefu.

Kama bado hujanunua chochote na kazi yako ni amplifaya tu, ningekushauri uchukue maikrofoni ya dainamiki, isiyohitaji volti 48 na isiyoogopa unyevu kiasi hicho. Shure SM57 imekuwepo tangu 1965 na Marekani huuzwa karibu dola 100. Nairobi, anza kuulizia barabara ya Luthuli, na omba kuijaribu dukani kabla ya kulipa. Lakini kama kondensa ndiyo uliyo nayo, itumie. Rekodi sekunde 20, sikiliza kwa hedifoni, rekebisha, na ukimaliza zima 48V kabla ya kuchomoa waya.