GOROGORO IKIJAA HUMWAGIKA

Bila shaka umewahi kumwona mama akipima mahindi kwa gorogoro pale sokoni. Ikijaa, punje zinazozidi huanguka kando. Kumbukumbu ya kompyuta nayo hujaa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kinachomwagika huingia katika gorogoro ya jirani na kuharibu kilichomo.

Niliyajua haya likizo ya Agosti, nilipoandika programu ya C ya kuweka madeni ya kibanda cha mama hapa Umoja. Kila mteja nilimtengea baiti 20 za jina, na baada yake baiti 4 za deni. Programu ilipokea deni kwanza, kisha jina kwa amri ya gets. Siku moja mama akaniita, "Wewe, fundi viatu alichukua vitu vya mia tatu. Mbona mashine yako inasema 256? Hizo 44 utalipa wewe?" Nilinyamaza kama maji mtungini.

Hivi ndivyo nilivyolisaka kosa:

1. Kulirudia. Niliandika deni la 300 kwa majina mbalimbali.

2. Kupima mpakani. "Mama Mboga wa Steji" ni herufi 19 pamoja na nafasi. Deni lilibaki 300. "Fundi Viatu wa Steji" ni 20. Deni likawa 256. "Fundi wa Viatu wa Steji" ni 23. Deni likawa shilingi 6,908,517! Lo!

3. Kutafuta sababu. C huongeza baiti ya sifuri mwisho wa jina, kwa hivyo baiti 20 hutosha herufi 19 tu. Jina likiwa na 20, sifuri hiyo huvuka mpaka na kufuta baiti ya kwanza ya deni. Sasa, 300 ni 256 na 44, na ile 44 ndiyo iliyokaa humo. Kwa lile jina refu, herufi "eji" ziligeuka kuwa pesa.

4. Kurekebisha. Niliongeza nafasi ya jina hadi baiti 40, nikatumia fgets, ambayo huambiwa kipimo. Amri ya gets iliondolewa katika kanuni za C mwaka wa 2011.

Msidhani haya ni ya vibandani tu. Tarehe 25 Januari 2003, mnyoo wa kompyuta uitwao Slammer ulizivamia seva za hifadhidata za Microsoft SQL Server 2000 kupitia kosa la aina hii. Ulikuwa na baiti 376 pekee, lakini uliambukiza mashine zipatazo 75,000, nyingi kwa dakika kumi tu. Dawa ilikuwa imetolewa tangu Julai 2002, ila wengi walipuuza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenzangu, deni la milioni sita halitishi, kwani kila mtu ataliona. La kutisha ni 256, maana linafanana na deni la kweli. Basi ijaribu programu yako kwa kipimo kilichojaa sawasawa, kilichopungua moja na kilichozidi moja.

Zile 44 za mama nimeshalipa.