Habari za Kilindini: Funzo la Kuhakiki Kabla ya Kusambaza

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu katika imani, katika Suratun-Nur, aya ya 40, Allah anapiga mfano wa giza la bahari yenye kina kirefu. Vipimo vya leo vinaonesha kuwa ukipita mita 200 mwanga wa jua huwa hafifu sana, na ukipita mita 1,000 haupo kabisa. Je, habari za huko zinatufikiaje?

Chombo chenyewe

Njia mojawapo ni vyombo vidogo vinavyojiendesha chini ya maji bila mtu ndani. Aina moja haina hata injini ya kukisukuma mbele. Huvuta maji kidogo, kikawa kizito na kuzama. Huyatoa, kikawa chepesi na kupanda. Mabawa yake hugeuza kule kuzama na kupanda kuwa mwendo wa mbele. Huenda polepole kuliko mtu anayetembea, lakini betri yake hudumu miezi.

Njiani hupima joto, kina, na uwezo wa maji kupitisha umeme. Kutokana na vipimo hivyo hukokotolewa kiasi cha chumvi. Kwa kuwa mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari, kikiwa chini hukadiria tu mahali kilipo. Lazima kipande juu, kipate mahali pake halisi kwa satelaiti, kitume taarifa, kirekebishe njia, ndipo kizame tena.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, kilituma chombo RU17 kuvuka Atlantiki, kikapotea. Hawakukata tamaa. Tarehe 27 Aprili 2009 RU27 kiliondoka New Jersey, na tarehe 4 Desemba kikaopolewa karibu na Baiona, Hispania, baada ya siku 221 na zaidi ya kilomita 7,000. Miongoni mwa waliokifuatilia walikuwamo wanafunzi wa shahada ya kwanza, vijana kama sisi.

Mafunzo

Kwanza, elimu hii inatuhusu hata sisi tulio mbali na pwani. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na Afrika Mashariki ikapata mvua kubwa na mafuriko. Anayepima joto la bahari anamsaidia mkulima wa bara. Kunufaisha watu ni ibada ikiwa nia ni safi.

Pili, kuhakiki. Katika makundi yetu ya WhatsApp huzunguka video ya maji ya rangi mbili yaliyokutana, ikidaiwa kuwa bahari mbili hazichanganyiki kabisa, na kwamba huo ndio ushahidi wa Suratur-Rahman. Picha nyingi za namna hiyo ni za Ghuba ya Alaska, ambako maji ya barafu iliyoyeyuka, yenye udongo laini, hukutana na maji ya bahari. Maji hayo huchanganyika, ila taratibu. Vipimo vya chumvi na joto vinaonesha matabaka yanayotofautiana na kuchanganyika kidogo kidogo.

Je, aya ina kasoro? Hasha! Kasoro ni ya aliyeifungamanisha na video. Mufasirina wenyewe wamehitilafiana: Ibn Kathir anazungumzia maji matamu na ya chumvi, na At-Tabari akaelekea kwenye bahari ya mbingu na bahari ya ardhi. Mwenzetu wa kitivo cha sayansi akiona tumetetea Qur'ani kwa dai lisilo kweli, atadhani ukweli wetu wote uko hivyo. Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari, na haikutoa ruhusa kwa habari zinazotupendeza.

Tatu, kujirekebisha. Kosa dogo la mwelekeo, chombo kisipopanda juu, hukua siku hadi siku. Nasi tumepewa Swala tano za kurudi na kutazama tunakoelekea.

Basi, ndugu yangu, kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, jiulize: nani amepima, wapi, na wanazuoni wamesemaje? Usipojua, nyamaza au uliza.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.