Watoto Waliotembea Hadi Kakuma: Somo kwa Vikundi na Walimu

Katika somo hili tunaangalia namna ya kufundisha wanafunzi habari za watoto wenzao waliofukuzwa makwao na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu akianza na bunduki na maiti, darasa litaogopa, au litacheka. Akianza na huruma tupu, watoto watatoka na neno moja tu, "maskini", na kesho yake watamwita mgeni wa darasa "mkimbizi" kama kwamba ni tusi. Sisi tunaonelea afadhali aanze na kisa chenye njia, mito na majina ya mahali. Hebu tuchukue kile kilichofika hapa kwetu Kenya.

Vita vya pili vya Sudan vilianza mwaka wa 1983, kati ya serikali ya Khartoum na jeshi la SPLA la kusini. Ilipofika 1987 hivi, vijiji vilichomwa na maelfu ya watoto wakakimbia. Wavulana wengi waliponea kwa kuwa walikuwa malishoni na ng'ombe. Walitembea wiki nyingi hadi Ethiopia, kwenye kambi kama Pinyudo. Hesabu inayotajwa ni kama watoto 20,000, wengine wa miaka sita au saba. Njaa, kiu na simba viliua wengi njiani. Tena tusifiche: baadhi yao walifunzwa kushika bunduki.

Mei 1991 serikali ya Mengistu ilianguka, nao wakafukuzwa tena. Wakikimbia risasi waliingia Mto Gilo. Wengi wakazama, wengine wakaliwa na mamba. Walipita Pochalla, wakazidi kwenda, na mwaka wa 1992 zaidi ya 10,000 wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio, ndipo wakapelekwa Kakuma, kule Turkana.

Hapa mwalimu achore ramani chini kwa kijiti, halafu aulize: mtoto wa miaka saba aliponaje bila mama? Awape nafasi wajibu wenyewe. Ukweli ni kwamba walijigawa vikundi. Wakubwa walishika wadogo mkono, walipika kwa zamu, walikula pamoja, na kambini walijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole. Nyinyi wa vikundi vya kujisaidia mtaelewa jambo hili upesi kuliko wengi.

Lakini kuna sehemu ambayo masomo mengi huiruka. Wasichana nao walikuwako. Kwa desturi msichana hakuachwa kuishi peke yake, basi alipewa familia imlee. Ilionekana vizuri, si ndiyo? Kumbe huko jina lake lilipotea katika orodha ya watoto wasio na wazazi. Alichota maji, alibeba watoto wa wengine, na baadhi yao waliozwa ili mahari ipatikane. Marekani ilipochukua vijana zaidi ya 3,500 kuanzia mwisho wa 2000, wasichana hawakufika hata mia moja. Mwalimu anayesema "wavulana wa Sudan" na kuishia hapo anawaacha nje mara ya pili.

Na kama darasani yuko mtoto aliyekimbia vita, asiambiwe asimame asimulie. Akitaka ataongea siku yake. Maana habari hizi hazikuisha: mkataba wa amani ulitiwa sahihi Nairobi mwaka wa 2005, Sudan Kusini ikapata uhuru 2011, na Desemba 2013 vita vikaanza tena. Sudan yenyewe iliwaka Aprili 2023.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Inasema kila mtoto. Haikusema kila mtoto Mkenya. Shule ikimkataa mtoto mgeni, wanakikundi wawili watatu waende kwa mwalimu mkuu na kifungu hicho mkononi, wazungumze kwa heshima.

Mkikutana, jadilianeni hili: hapa kijijini kwetu, ni msichana gani anakaa kwa watu na haendi shule, na nani kati yetu ataenda kuuliza habari zake wiki hii?