Vidole Vikifa Ganzi Kilimanjaro
Usiku wa kupanda kilele cha Uhuru, mita 5,895, joto hushuka chini kabisa ya nyuzi 0. Vidole, pua na masikio ndivyo huganda kwanza. Dalili ya kuogopwa kuliko maumivu ni ganzi: ngozi nyeusi hupauka, huwa ya kijivu, kisha hukakamaa kama nta. Wapagazi wenye viatu vyepesi wakaguliwe mapema.

Kusugua ni marufuku!

Mgonjwa ateremshwe, avuliwe soksi na glavu zilizolowa, vidole vya mikono viwekwe kwapani. Moto haufai, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi. Maji ya nyuzi 37 hadi 39, kwa takriban nusu saa, yatumike tu ikiwa kiungo hakitaganda tena. Malengelenge yasitumbuliwe; hospitali za Moshi zifikiwe siku hiyohiyo.