Mbuta au Kambare? Vidokezo 7 Kabla Hujafungua Pochi

Jioni ikiingia, kuanzia Makina kule Kibera hadi Stage 46 Kawangware, karai linachemka na mama samaki anakuuliza swali moja tu: "Nikufungie gani?" Mbele yako wamelala wawindaji wawili wa majini, mbuta na kambare. Usibahatishe.

1. Soma ngozi. Mbuta ana magamba, na pezi lake la mgongoni lina miiba mikali. Kambare hana gamba hata moja: ngozi laini ya utelezi, kichwa bapa, sharubu nane. Wakishakatwa vipande na kukaangwa, ngozi ndiyo kitambulisho. Kipande kilichochunwa kiulizie kwanza.

2. Mjue mgeni wako. Wasabato wengi hawali samaki asiye na magamba, kwa kufuata Mambo ya Walawi sura ya 11. Ukimwandalia mgeni wa aina hiyo kambare, atakula ugali na sukuma, samaki abaki nawe. Mbuta hana neno.

3. Mgongo wazi una siri yake. Minofu ya mbuta hukatwa viwandani kando ya Ziwa Victoria na mingi husafirishwa ng'ambo. Kichwa, mifupa na mkia, yaani mgongo wazi wenyewe, ndivyo hutufikia sisi. Pesa zikiwa chache, chukua upande wa kichwa: nyama tamu imejificha mashavuni na nyuma ya shingo. Kichemshe kichwa hicho kwa nyanya, kitunguu na dania, upate mchuzi wa kuteremshia ugali wa nyumba nzima.

4. Kila mmoja na sufuria yake. Mbuta mkubwa ana mafuta mengi mwilini, kwa hiyo usimzamishe kwenye mafuta mengine. Moto wa wastani unatosha. Kambare huweza kunuka tope. Msugue kwa chumvi na ndimu, msuuze, kisha mpike na tangawizi na kitunguu saumu.

5. Huna friji? Tafuta kambare wa moshi. Ni yule aliyekunjwa duara kama bangili, mkia ukagusa mdomo. Akiwa amekauka vizuri, hustahimili siku kadhaa mahali pakavu penye hewa. Mloweke kwenye maji ya moto kabla ya kumpika. Ukiona ukungu, mrudishe kwenye meza ya muuzaji bila aibu.

6. Pima ubichi kwa kila mmoja kivyake. Kwa mbuta, funua shavu: matamvua yawe mekundu, na jicho ling'ae. Jicho la kambare ni dogo mno, halitakuambia kitu. Yeye mbonyeze, nyama irudi mahali pake. Kambare pia ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo hukaa nje ya maji kwa saa nyingi bila kufa, mradi ngozi isikauke. Ukimkuta anajipindapinda kwenye beseni, huna haja ya kuuliza alivuliwa lini.

7. Jiandae kwa swali la watoto: nani mbabe? Mbuta. Anaweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200, na watalii husafiri hadi Rusinga na Mfangano kumvua kwa mchezo. Mwaka 2000, mbuta wa kilo 104 alinaswa kwa ndoano Ziwa Nasser, Misri. Tangu aingizwe Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, amewatafuna samaki wadogo waitwao fulu hadi aina nyingi zikatoweka. Kambare naye si mnyonge; wafugaji humtia kwenye bwawa la ngege (tilapia) apunguze vifaranga vilivyozidi. Lakini ziwani, wavuvi humtunga kambare mchanga kwenye ndoano awe chambo cha mbuta.

Kwa hiyo ukichagua mbuta leo, usimwonee huruma kambare aliyebaki kwenye karai. Huenda umewala wote wawili kwa bei ya mmoja.