KWA NINI MSIKIAJI HUMPENDA MBEGA

Kwashemshi iko katika wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya mashamba ya mkonge. Wasambaa, Wazigua na Wabondei wanakaa huko, na pamoja nao wako watu wa makabila ya mbali ambao babu zao walikuja kukata mkonge. Mahali pa namna hiyo hadithi huvuka kutoka nyumba moja hata nyumba nyingine, wala haziulizi kabila la mtu. Lakini iko moja ambayo kila mtoto wa nchi ile huisikia mapema, nayo ni habari ya Mbega.

Mtazame mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza. Hadithi haijafika nusu, naye moyo wake umekwisha kwenda upande wa Mbega. Mbega akikimbia usiku, mtoto huogopa. Simba akianguka, hupiga makofi. Je, nani amemwamuru ampende Mbega? Hakuna. Msimulizi hakusema hata neno moja la kumwamuru. Basi amefanyaje?

Kwanza na tuikumbuke hadithi yenyewe. Mbega alizaliwa katika nchi ya Ngulu. Meno yake ya juu yaliota kabla ya meno ya chini, na mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Zamani watu wa nchi nyingi za Afrika ya Mashariki waliamini kwamba kigego huleta vifo katika ukoo, na desturi yao ilikuwa kumwua. Wazazi wa Mbega hawakumwua, bali walimlea. Walipokwisha kufa, ndugu zake wakamnyima urithi, wakasema kwamba yeye ndiye anayeumaliza ukoo. Akaondoka na mikuki yake na mbwa zake, maana alikuwa mwindaji wa nguruwe. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mkuu wa nchi. Siku moja wakaenda kuwinda, nguruwe akamwua yule kijana, na Mbega akakimbia usiku. Akaingia Usambara, akakaa msituni, na watu wakauona moshi wa moto wake. Akawapa nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Hata mwisho akafika Vuga, akamwua simba usiku, na Wasambaa wakamfanya mfalme wao, wakamwita Simba Mwene. Wakilindi, uzao wake, walitawala Usambara mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa katika miaka ya kwanza baada ya uhuru wa Tanganyika wa mwaka 1961.

Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hii kwa Kiswahili katika kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichopigwa chapa Magila na misheni, kisha kikapigwa chapa tena Nairobi mwaka 1962. Wazee nao huisimulia kwa vinywa vyao, wala hawapatani katika kila jambo. Walakini njia ya hadithi ni hiyo.

Sasa angalia mlango ambao msimulizi amemwingizia msikiaji. Ameanza na mtoto mchanga. Kabla ya kusikia kifo cho chote cha ukoo, msikiaji amemwona mtoto kinywani mwake mna jino moja tu, na mama anayejua maana ya jino lile. Nani atapenda mtoto huyo auawe? Tangu hapo kila neno baya litakalosemwa juu ya Mbega litamkuta msikiaji amekwisha kuamua.

Mtu na aiingie hadithi hiyo hiyo kwa mlango mwingine. Aseme hivi: “Katika Ngulu ulikuwako ukoo mmoja ambao watu wake walikufa mmoja baada ya mmoja. Wazee wakakaa barazani, wakatafuta sababu. Hata mmoja akakumbuka ya kuwa katika ukoo ule alikuwamo kijana ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota, na wazazi wake walilificha jambo lile.” Katika maneno haya hamna uwongo hata mmoja, maana ndivyo ndugu zake Mbega walivyoyaona mambo yao. Lakini msikiaji sasa anamwangalia yule kijana kwa hofu, na akifukuzwa, huenda akaona kwamba wazee wamefanya vema. Kigego ni yule yule, vifo ni vile vile. Kilichobadilika ni kile kilichotangulia na kile kilichofuata.

Jambo hili si mchezo wa maneno tu. Kulikuwa na watoto wengi walioota meno ya juu kwanza, na wengi wao hawakufika umri wa kushika mkuki. Habari zao zilianzia barazani kwa wazee, zikaishia hapo. Mbega alipata msimulizi aliyeanzia kwake.

Tena angalia msikiaji anatembea na nani. Huko Kilindi kijana ameuawa na nguruwe, na usiku umeingia. Msimulizi angeweza kukaa mjini. Angeweza kutuonyesha baba akipokea maiti ya mwanawe, na mama akiuliza yule mgeni mwenye mbwa yuko wapi. Hakufanya hivyo. Alitoka mbio pamoja na Mbega, na msikiaji akatoka naye, akikanyaga majani gizani na kusikiliza nyuma kama watu wanakuja. Mtu anayekimbia pamoja nawe huwezi kumwona kuwa mkosaji. Humwona kuwa mwenzako wa safari. Hapa msimulizi amewanyima haki kidogo wale wazazi wa Kilindi, kwa kuwa kilio chao hakisikiki kabisa. Msikiaji mwenye akili aweza kurudi peke yake, akaketi nao kitambo, ndipo aendelee na njia.

Kuhusu ukarimu wa Mbega, hapana haja ya maneno mengi. Wako wasimulizi wanaosema, “Mbega alikuwa mwema, alikuwa mkarimu, alikuwa shujaa,” na watoto husinzia. Msimulizi hodari hutaja nyama ya nguruwe, na watu waliokuja nayo nyumbani jioni. Sifa msikiaji atazitia mwenyewe, na sifa aliyoitia mwenyewe haisahau upesi.

Liko na jambo la siri, nalo ni tamu kuliko yote. Watu wa Usambara walipouona moshi msituni hawakujua nani aliyewasha moto. Msikiaji anajua. Amekuja na mwenye moto huo tangu Ngulu, na sasa anatazama wageni wake wakikaribia polepole, naye atamani kuwaambia wasiogope. Hivyo msikiaji amepewa kujua zaidi kuliko watu walio ndani ya hadithi, na kwa ajili hiyo hukaa mbele ya kiti chake.

Hadithi nyingine hufanya kinyume cha hayo. Chukua ile ya Kima na Papa, ambayo Edward Steere aliikusanya Unguja, akaipiga chapa pamoja na nyingine huko London mwaka 1870. Kima yuko juu ya mti kando ya bahari, na kila siku humtupia Papa matunda. Wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, wakaenda. Walipofika katikati ya bahari ndipo Papa aliposema kwamba sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Msikiaji hakuambiwa neno hili walipokuwa pwani. Kama angaliambiwa, angalimpigia kelele Kima asipande. Kwa kuwa hakuambiwa, amepanda naye, na maji yamewazunguka wote wawili. Ndiyo maana Kima anapojibu kwamba moyo wake ameuacha nyumbani mtini, na kwamba yafaa warudi wauchukue, msikiaji hucheka kicheko cha mtu aliyeokoka mwenyewe. Kisha Kima, akiwa salama juu ya mti, humsimulia Papa hadithi ya punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu kwa simba, akarudi kwa simba yule yule mara ya pili. Hadithi imo ndani ya hadithi. Kima angeweza kusema, “Sirudi tena,” basi. Lakini kwa kusimulia amemfanya Papa akae akisikiliza ujinga wa punda, mpaka ajue kwamba kima si punda.

Turudi Vuga. Wasimulizi husema kwamba Mbega alipokufa, wazee wachache walikificha kifo chake, wakatuma watu Bumbuli wamlete mwanawe Buge awe mfalme mahali pake. Mji haukuambiwa kitu mpaka mfalme mpya alipokuwa tayari. Lakini msikiaji ameambiwa. Amewekwa katika hesabu ya wazee wale wachache. Fikiri mwanamke wa Vuga akienda kuteka maji asubuhi ile, akiutazama mji wa mfalme kama kila siku, hali msikiaji anapita karibu naye na siri kifuani. Msimulizi hakutaja huzuni, wala hakumtaka mtu alie. Amempa mzigo auchukue kimya, na mzigo ule ndio huzuni yenyewe.

Kazi ya kuandika. Simulia kifo cha yule kijana wa Kilindi kama baba yake angalivyokisimulia jioni ile, mbwa wa Mbega hawasikiki tena mjini. Usiongeze tendo lo lote lisilokuwamo katika hadithi, wala usimtukane Mbega. Kisha msomee mwenzako ambaye hajasoma somo hili, umwulize moyo wake uko upande wa nani.