Ushirikiano wa vikosi jirani vya zimamoto na uokoaji: somo kwa wahudumu wa afya na wagonjwa

Utangulizi

Moto mkubwa ukizuka, kikosi kimoja cha zimamoto huelemewa upesi. Magari hayatoshi, maji hupungua na askari huchoka. Kwa sababu hiyo miji, mikoa na hata nchi zinazopakana huwekeana makubaliano ya kusaidiana. Wengi hudhani kwamba ugumu wa makubaliano hayo ni kupata jirani aliye tayari kuja. Historia inaonyesha kuwa mara nyingi jirani huja, na huja haraka, lakini msaada wake hukwama kwa jambo dogo ambalo halikuandaliwa mapema. Makala haya yanaeleza jambo hilo, na namna linavyojitokeza pia pale majeruhi wa moto anapohamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine.

Somo la Baltimore, 1904

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 7 Februari 1904, moto ulianza katika ghala la bidhaa kwenye eneo la biashara la mji wa Baltimore, Marekani. Upepo uliusambaza kutoka jengo hadi jengo, na viongozi wa mji wakaomba msaada kwa njia ya simu za maandishi. Washington ilipakia mashine zake za kusukumia maji kwenye treni siku ileile. Vikosi vya Philadelphia, New York na miji mingine vilifuata.

Askari wageni walipofika waligundua kwamba mipira yao ya maji haiingii katika mabomba ya kuzimia moto ya Baltimore. Kila mji ulikuwa umechonga viungio vyake kwa kipenyo chake na hesi zake. Baadhi ya askari walijaribu kufunga maungio kwa turubai, lakini maji mengi yalivuja na nguvu yake ikapungua. Moto uliwaka kwa takriban saa 30 na kuteketeza majengo zaidi ya 1,500. Baada ya msiba huo, kipimo kimoja cha viungio kiliwekwa kwa ajili ya nchi nzima, ingawa miji mingi ilichukua miaka mingi kukifuata.

Hapakuwa na upungufu wa nia njema wala wa mashine. Kilichokosekana ni kiungio.

Nchi za Nodiki: kukubaliana kabla ya ajali

Mwaka 1989, Denmark, Finland, Norway na Sweden zilitia saini mkataba wa kusaidiana katika uokoaji. Iceland ilijiunga baadaye. Msingi mmoja wa mkataba huo ni kwamba nchi inayoomba msaada ndiyo inayoongoza kazi katika ardhi yake. Kikosi kigeni hakifiki na kuanza kubishana juu ya nani atoe amri. Vilevile nchi hizo zilikubaliana kuondoa vikwazo vya mpakani vinavyoweza kuchelewesha waokoaji na vifaa vyao.

Kwa ufupi, ushirikiano wa kweli una viungio vitatu: vifaa vinavyoingiliana, kiongozi anayejulikana, na taarifa inayoeleweka na pande zote mbili.

Kiungio cha hospitali ni hati ya rufaa

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka eneo la Msamvu, Morogoro. Watu walikuwa wakichota petroli pale ilipolipuka, na zaidi ya 100 walipoteza maisha. Majeruhi walipokelewa katika hospitali ya mkoa, na baadhi yao wakahamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 190. Katika ajali za namna hiyo, mgonjwa hupita mikononi mwa raia, askari wa zimamoto, wahudumu wa gari la wagonjwa na hospitali mbili au zaidi. Kila makabidhiano ni mahali ambapo maji yanaweza kuvuja.

Mfano ufuatao unaonyesha uzito wa jambo hilo. Mtu mzima mwenye kilo 60 ameungua asilimia 30 ya ngozi saa 2:00 asubuhi. Kwa kanuni inayotumika sana ya mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, makadirio ya maji ya mshipa kwa saa 24 ni mililita 7,200. Nusu yake, yaani 3,600, hutolewa katika saa 8 za kwanza. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, wala si tangu alipofika hospitali. Akifika hospitali ya rufaa saa 8:00 mchana, saa 6 zimekwisha kupita na zimebaki 2 tu.

Ikiwa hati haitaji saa ya kuungua, daktari anaweza kuanza kuhesabu upya, na mgonjwa akapungukiwa maji wakati figo zake zinayahitaji. Ikiwa haitaji kiasi kilichokwisha kutolewa, mgonjwa anaweza kupewa maji maradufu na mapafu yakajaa. Hatari nyingine ni ya uandishi wa saa: “2:00” peke yake inaweza kusomwa kuwa asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili, au alasiri kwa hesabu ya kimataifa. Tofauti hiyo ni ya saa 6.

Mambo ya kuandika katika hati ya rufaa

1. Saa ya kuungua kwa ukamilifu, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.
2. Asilimia ya ngozi iliyoungua. Kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1. Wekundu usio na malengelenge wala jeraha hauhesabiwi.
3. Uzito wa mgonjwa, aina na kiasi cha maji aliyopewa, na mkojo uliopatikana.
4. Kama aliokolewa ndani ya chumba kilichofungwa. Sauti iliyokauka, masizi puani au nywele za pua zilizoungua huonyesha kuwa njia ya hewa imo hatarini.
5. Dawa za maumivu na chanjo ya pepopunda, na saa zilipotolewa.

Makadirio ya maji ni mwanzo tu. Kiasi hurekebishwa kwa kufuatilia mkojo na hali ya mgonjwa, na watoto wana utaratibu wao.

Nafasi ya mgonjwa na jamaa zake

Mtu wa kwanza kufika kwa aliyeungua huwa ndugu au jirani. Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga 114. Wakati msaada ukisubiriwa, sehemu iliyoungua ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kutumia barafu. Pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na sehemu nyingine ya mwili ihifadhiwe isipate baridi. Dawa ya meno, mafuta, unga na yai visipakwe.

Jambo la mwisho halihitaji kifaa chochote. Jamaa aangalie saa mara moja, akumbuke ni lini ndugu yake aliungua, na amweleze kila mhudumu atakayempokea hata kama hajaulizwa. Taarifa hiyo moja, ikifika salama hospitali ya mwisho, humsaidia daktari kutoa matibabu kwa kipimo sahihi.